Pumba, Dona na Moyo wa Mwanamke: Historia ya Nyuzinyuzi za Chakula

Nyuzinyuzi za chakula ni ile sehemu ya mmea ambayo vimeng'enya vya binadamu haviwezi kuivunja: kuta za chembe za mmea, ganda la nafaka, ute wa bamia, pektini ya machungwa na mapera. Hupita tumboni na katika utumbo mwembamba bila kumeng'enywa, na kwa sababu hiyo wataalamu wa lishe kwa muda mrefu walizihesabu kuwa makapi tu. Leo zimo miongoni mwa vitu vinavyopunguza maradhi ya moyo na mishipa, ambayo huchukua takriban theluthi moja ya wanawake wote wanaofariki duniani. Mabadiliko hayo ya mtazamo yalichukua zaidi ya karne moja. Sehemu yake kubwa ilifanyika Afrika Mashariki, na mwanamke yumo tangu mwanzo: kwanza kama mkoboaji na msagaji, na baadaye sana kama mtu ambaye moyo wake unastahili kupimwa.

Kabla ya mashine, kiasi cha nyuzinyuzi katika chakula kiliamuliwa na mikono ya wanawake. Ulezi, kwa kuwa punje yake ni ndogo mno kukobolewa, ulisagwa mzima juu ya jiwe, na uji wake ukabeba kila kilichokuwamo ndani ya punje. Mahindi yalifika pwani wakati wa Wareno katika karne ya 16, lakini huko bara yalichukua nafasi ya mtama na ulezi hasa katika karne ya 20, nayo yalikuja na kazi yake. Punje hunyunyiziwa maji kidogo ili ganda lilegee, hutwangwa kwa mchi mpaka ganda libanduke, kisha hupepetwa kwa ungo. Pumba huangukia pembeni, kuku wakazikimbilia. Punje nyeupe zinazobaki hulowekwa, huanikwa na kusagwa.

Hapa pana jambo ambalo wanaosifu chakula cha mababu hulisahau: unga mweupe haukuletwa na viwanda peke yake. Kinu nacho kilikoboa. Tofauti ni kwamba kukoboa kwa mchi kulichosha mno, kwa hiyo kulifanywa kwa kiasi, na ugali wenyewe haukuliwa mtupu. Uliliwa kwa kunde, maharage, mbaazi, mlenda, majani ya maboga na kisamvu. Githeri ya Wakikuyu ilipikwa kwa punje nzima za mahindi pamoja na maharage. Huko Buganda chakula kikuu kilikuwa ndizi za kupika, na kando yake viazi vitamu na mchuzi wa karanga. Nyuzinyuzi nyingi zilitoka katika mchanganyiko huo wote, wala si katika nafaka pekee.

Mashine ilibadilisha hesabu. Vinu vya rola za chuma vilivyoenea Ulaya na Marekani katika miaka ya 1870 na 1880 viliweza kutenga ganda na kiini cha ngano kwa usafi ambao jiwe halikuuweza, na mkate mweupe, uliokuwa wa matajiri, ukawa wa kila mtu. Nchini Kenya, Lord Delamere alianzisha kampuni ya Unga Limited mwaka 1908. Baadaye zikaja mashine za nyundo zilizosambaa mijini na vijijini, zikiwapunguzia wanawake saa nyingi za kazi ya kutwanga. Hilo lilikuwa jambo jema, na hakuna hoja ya lishe inayopaswa kulipuuza: mwanamke aliyekuwa akiamka alfajiri kusaga alipata kulala.

Katika kibanda cha mashine Tanzania mara nyingi kuna mitambo miwili chini ya paa moja, wa kukoboa na wa kusaga. Mteja akipeleka mahindi moja kwa moja kwenye mtambo wa kusaga anapata dona, yaani unga wenye ganda na kiini. Akilipia kukoboa kwanza anapata sembe. Pumba hubaki kibandani au hurudi nyumbani kwa ajili ya ng'ombe na kuku. Dona huchacha upesi kwa sababu kiini kina mafuta, ilhali sembe hukaa muda mrefu dukani, na hiyo ni sababu ya kibiashara iliyokipa nguvu kila kiwanda kilichouza unga mweupe. Serikali ya Tanzania ilianzisha shirika la taifa la usagishaji, NMC, mwaka 1968, na sembe yake iliuzwa mijini kwa bei ya ruzuku mpaka ruzuku hiyo ilipoondolewa mwaka 1984. Kwa walaji wengi wa mjini dona ikabaki kuwa chakula cha shule za bweni na magereza, na sembe ikawa chakula cha mgeni. Gramu 100 za unga wa mahindi yasiyokobolewa zina takriban gramu 7 za nyuzinyuzi, na unga uliotolewa ganda na kiini una karibu nusu yake au pungufu.

Wakati mashine zinaenea, sayansi haikuwa na la kusema kuhusu kilichokuwa kikitupwa. Kipimo kilichotumika kilitoka Weende, kituo cha utafiti wa kilimo karibu na Göttingen nchini Ujerumani, ambako katika miaka ya 1860 wanakemia Henneberg na Stohmann walichemsha malisho ya mifugo katika asidi, kisha katika alkali, na kupima kilichosalia. Mabaki hayo yaliitwa nyuzi ghafi. Njia hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, na kwa chakula cha binadamu ilikosea sana, kwani iliyeyusha sehemu kubwa ya nyuzinyuzi zenyewe, zikiwemo zile laini ambazo baadaye zingeonekana kuwa na faida kubwa kwa moyo. Hata hivyo vitabu vya lishe viliendelea kuitumia kwa karibu miaka mia moja.

Aliyeanza kuuliza swali tofauti ni daktari Hugh Trowell, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1904. Aliingia Kenya mwaka 1929 kama daktari wa serikali ya kikoloni, na mwaka 1935 akahamia Uganda, ambako alifanya kazi katika Hospitali ya Mulago na kufundisha madaktari wa Makerere. Jina lake lilijulikana kwanza kwa utafiti wa kwashiakoo, maradhi ya watoto wanaokosa lishe bora. Lakini katika miaka karibu 30 ya kazi aliandika pia orodha ya aina nyingine kabisa: orodha ya maradhi ambayo hakuyaona. Shambulio la moyo, lililokuwa likiua maelfu huko kwao, wodini Mulago lilikuwa nadra mno, kiasi kwamba mwaka 1956 yeye na mwenzake Singh walichapisha katika jarida la tiba la Afrika Mashariki maelezo ya mgonjwa mmoja tu Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja alitosha kuwa habari. Mwaka 1960 Trowell alikusanya uzoefu wake katika kitabu kuhusu maradhi yasiyoambukiza barani Afrika.

Trowell hakuwa peke yake. Mwaka 1929, mwaka uleule alioingia Kenya, daktari Donnison alichapisha vipimo vya shinikizo la damu vya watu 1,000 wa eneo la Kavirondo nchini Kenya, akionyesha kwamba shinikizo halikupanda kadiri umri ulivyosogea kama lilivyopanda Ulaya. Mwaka 1959 Gerald Shaper na K. W. Jones wa Kampala walilinganisha Waafrika na Waasia waishio Uganda, wakakuta kwamba Waasia walikuwa na lehemu (kolesteroli) nyingi zaidi katika damu na ndio waliokuwa wakipata ugonjwa wa mishipa ya moyo. Makundi yote mawili yaliishi katika mji mmoja, chini ya jua moja. Kwa hiyo hali ya hewa haikuweza kuwa jibu, na macho yakaelekea kwenye sahani.

Jina linalotajwa zaidi, hata hivyo, ni la Denis Burkitt. Alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911, na alipoteza jicho moja akiwa mtoto. Alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira, na mwaka 1948 akahamishiwa Mulago kama daktari wa upasuaji. Umaarufu wake wa kwanza ulitokana na saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958, ambayo leo ina jina lake, na safari ndefu ya gari aliyoifanya mwaka 1961 pamoja na wenzake wawili, akipita hospitali baada ya hospitali kusini na mashariki mwa Afrika ili kuchora ramani ya saratani hiyo. Njia hiyo ya kazi ndiyo aliyoihamishia kwenye chakula. Alikuwa mtu wa ramani na hesabu za hospitali, akiuliza ugonjwa uko wapi, hauko wapi, na watu wa huko wanakula nini.

Aliporudi London katika miaka ya 1960, Burkitt alikutanishwa na Peter Cleave, daktari wa jeshi la majini la Uingereza aliyedai kwamba sukari na unga mweupe ndiyo mizizi ya maradhi mengi yanayoonekana kutohusiana. Cleave alilaumu kilichoongezwa katika chakula. Burkitt aliigeuza hoja akatazama kilichoondolewa. Alianza kuandikia hospitali za misheni barani Afrika akiomba takwimu, na kupima kitu ambacho wengi waliona aibu kukitaja: choo. Watu walimeza vipande vidogo vinavyoonekana kwa eksirei, kisha choo chao kikakusanywa na kupimwa uzito. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1972 pamoja na Alec Walker wa Johannesburg na Neil Painter yalikuwa wazi. Kwa wanavijiji wa Uganda, chakula kilipita mwilini kwa wastani wa saa 36 hivi, na choo cha siku kilikuwa na uzito wa karibu gramu 470. Kwa mabaharia wa jeshi la majini la Uingereza na wake zao, safari hiyo ilichukua saa 83, na choo kilikuwa gramu 104.

Katika jedwali hilo la 1972 wanawake wamo, lakini wamo kama wake wa mabaharia, wamechanganywa na waume zao. Miaka 19 kabla yake kulikuwa na utafiti uliowatazama wao hasa, nao ulipita kimya. Mwaka 1953, Eben Hipsley wa Australia aliandika katika jarida la madaktari la Uingereza kwamba wajawazito wa Fiji waliokula mimea kwa wingi walionekana kupata kifafa cha mimba na dalili zake kwa uchache. Makala hiyo ndiyo inayotambuliwa kuwa ya kwanza kuzitaja nyuzinyuzi za chakula kama jambo la kiafya kwa binadamu. Ilihusu mimba, haikuhusu moyo, na hakuna aliyejua wakati huo kwamba vitu hivyo viwili vinahusiana. Leo inafahamika kwamba mwanamke aliyewahi kupata shinikizo la damu la mimba lenye dalili za kifafa ana hatari takriban maradufu ya kupata maradhi ya moyo miaka mingi baadaye, na chama cha moyo cha Marekani kiliiweka historia ya mimba ya namna hiyo katika orodha ya vihatarishi mwaka 2011. Wazo la Hipsley nalo lilirudi: utafiti wa wajawazito katika jimbo la Washington, uliochapishwa mwaka 2008, uliwakuta waliokula nyuzinyuzi nyingi mwanzoni mwa mimba wakipata tatizo hilo kwa uchache zaidi.

Trowell ndiye aliyeziunganisha nyuzinyuzi na moyo waziwazi. Alikuwa ameacha udaktari na kuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana, na alipostaafu aliirudia orodha yake ya zamani. Mwaka 1972 alitoa maana ya nyuzinyuzi inayokaribiana na ile inayotumika mpaka leo, yaani mabaki ya kuta za chembe za mmea yasiyovunjwa na vimeng'enya vya binadamu, na mwaka huohuo akachapisha hoja kwamba upungufu wake unachangia ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mwaka 1975 yeye na Burkitt walitoa kitabu kuhusu vyakula vya wanga vilivyokobolewa na maradhi yanayofuatana navyo.

Hoja hiyo ilikuwa na mapengo, na wakosoaji waliyaona. Mulago ya miaka ya 1940 ilikuwa na wazee wachache na vipimo vichache vya moyo. Ugonjwa usiopimwa hauandikwi. Wanavijiji wa Uganda hawakutofautiana na mabaharia wa Uingereza kwa chakula tu: walitembea, walilima kwa jembe la mkono, wengi hawakuvuta sigara, na chumvi yao ilikuwa kidogo. Utafiti wa Waluo waliohamia Nairobi kutoka kijijini, uliochapishwa na Neil Poulter na wenzake mwaka 1990, ulionyesha shinikizo la damu likipanda baada ya kuhama, na mkojo wao ulielekeza kidole kwenye chumvi iliyoongezeka na potasiamu iliyopungua. Potasiamu hutoka katika mimea ileile inayoleta nyuzinyuzi, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwani anayeacha viazi vitamu na kunde anapoteza vitu vingi kwa pamoja, na hakuna anayeweza kusema kwa hakika kipi kilimwumiza.

Pingamizi kubwa zaidi lilitoka kwa Wamaasai. George Mann wa Marekani na wenzake waliwapima Wamaasai wa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu ambao wakati huo waliishi kwa maziwa na nyama, wenye nyuzinyuzi kidogo sana katika chakula chao. Lehemu katika damu yao ilikuwa chini, na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa chache. Baadaye, katika uchunguzi wa maiti 50 uliochapishwa mwaka 1972, iligunduliwa kwamba mishipa yao ilikuwa na utando wa mafuta kama ya watu wengine, lakini ilikuwa mipana, jambo ambalo Mann alilihusisha na mwendo wao mrefu wa kila siku. Maiti hizo zote 50 zilikuwa za wanaume.

Kipengele hicho kinarudi katika karibu kila utafiti wa moyo wa zama hizo. Jeremy Morris na wenzake walipoonyesha mwaka 1977 kwamba waliokula nyuzinyuzi nyingi za nafaka walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache, waliochunguzwa walikuwa wanaume 337, wakiwemo wafanyakazi wa benki na wa mabasi ya London. Jaribio la Wales lililochapishwa mwaka 1989, ambalo liliwashauri wagonjwa wa moyo kuongeza nyuzinyuzi za nafaka na halikuona vifo vikipungua, lilikuwa na wanaume 2,033. Jaribio kubwa la Marekani la kupunguza vihatarishi vya moyo katika miaka ya 1970 lilikuwa na wanaume 12,866. Sababu zilizotolewa zilikuwa za aina mbili. Moja ni kwamba mwanamke hupata shambulio la moyo karibu miaka 10 baada ya mwanamume, kwa hiyo utafiti wake ungechukua muda mrefu na fedha nyingi. Nyingine ni hofu ya mimba: mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza wanawake wenye uwezo wa kuzaa wasiingizwe katika hatua za mwanzo za majaribio ya dawa. Matokeo yake ni kwamba ugonjwa unaoua wanawake wengi kuliko saratani ya matiti ulielezwa kwa miili ya wanaume. Ni mwaka 1993 tu ndipo sheria ya Marekani ilipolazimisha wanawake wajumuishwe katika majaribio ya tiba yanayolipiwa na taasisi ya taifa ya afya.

Jibu la uhakika zaidi lilitoka kwa wauguzi. Mwaka 1976 Frank Speizer wa Harvard aliwaandikia wauguzi wa kike wa Marekani akitaka kujua madhara ya muda mrefu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Wauguzi 121,700, wenye umri wa miaka 30 hadi 55, walijaza hojaji yake na kuirudisha kwa posta. Walichaguliwa kwa sababu walielewa maswali ya kitabibu na wangeweza kujieleza kwa usahihi, na uvumilivu wao ulizidi matarajio yote: waliendelea kujaza hojaji kila baada ya miaka miwili kwa miongo mingi. Mwaka 1980 yaliongezwa maswali ya chakula, na mwaka 1984 hojaji ya chakula ikapanuliwa. Muuguzi alitakiwa kueleza ni mara ngapi katika mwaka uliopita alikula vyakula mbalimbali, kila kimoja na kipimo chake: kipande cha mkate mweupe, kipande cha mkate wa ngano nzima, tufaha, nusu kikombe cha maharage. Kutokana na majibu hayo watafiti walikokotoa gramu.

Matokeo kuhusu nyuzinyuzi na moyo yalichapishwa na Alicja Wolk na wenzake mwaka 1999. Wanawake 68,782 walifuatiliwa kwa miaka 10, na 591 kati yao walipata shambulio la moyo au walifariki kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo. Moja ya tano ya wanawake waliokula nyuzinyuzi nyingi zaidi walikuwa na wastani wa gramu 22.9 kwa siku, na moja ya tano ya chini kabisa gramu 11.5. Ukizingatia umri peke yake, kundi la juu lilikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 47. Lakini wanawake wanaokula mkate wa ngano nzima huwa pia hawavuti sigara, na hufanya mazoezi. Watafiti walipoondoa athari ya mambo hayo, tofauti ilishuka hadi asilimia 23. Kushuka huko hakupaswi kuonekana kama aibu ya utafiti. Ndiyo sehemu yake ya kuaminika zaidi, kwa kuwa inaonyesha ni kiasi gani cha sifa za nyuzinyuzi kilikuwa mali ya maisha mazuri kwa jumla, na ni kiasi gani kilisimama chenyewe. Kati ya nyuzinyuzi za nafaka, za matunda na za mboga, ni za nafaka zilizoonyesha uhusiano ulio wazi: kila ongezeko la gramu 5 kwa siku liliendana na hatari pungufu kwa asilimia 37.

Mwaka mmoja kabla yake, David Jacobs na wenzake walikuwa wamechapisha matokeo ya wanawake 34,492 wa jimbo la Iowa waliokwisha kukoma hedhi, na waliokula nafaka zisizokobolewa kwa wingi walikufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa karibu theluthi moja pungufu. Tafiti mbili za wanawake pekee, katika mazingira tofauti, zilielekea upande mmoja.

Hata hivyo wauguzi walewale walitoa fundisho la tahadhari. Takwimu zao zilikuwa zimeonyesha pia kwamba wanawake wanaotumia homoni baada ya ukomo wa hedhi hupata ugonjwa wa moyo kwa uchache, na madaktari wengi wakaandika homoni kwa imani hiyo. Mwaka 2002 jaribio kubwa la Marekani, lililowagawa kwa kura wanawake 16,608 kati ya homoni mbili kwa pamoja na vidonge visivyo na dawa, lilisimamishwa kabla ya wakati wake: homoni hazikulinda moyo, na madhara yalizidi faida. Mwaka 2006 mpango huohuo wa utafiti ulitoa matokeo ya wanawake 48,835 ambao baadhi yao waliongozwa kupunguza mafuta na kuongeza matunda, mboga na nafaka. Baada ya wastani wa miaka 8.1, ugonjwa wa moyo haukupungua kwa kiasi cha maana. Jaribio hilo lililenga mafuta zaidi, na nyuzinyuzi ziliongezeka kidogo tu, kwa hiyo halikumaliza swali. Lakini lilizuia mtu yeyote kudai kwamba jambo limethibitishwa kwa jaribio la kura, kama inavyofanywa kwa dawa.

Kinachoipa hoja ya nyuzinyuzi nguvu ambayo hoja ya homoni haikuwa nayo ni kwamba utendaji wake katika damu umejaribiwa moja kwa moja. Mwaka 1961 Ancel Keys na wenzake walionyesha kwamba pektini hushusha lehemu, na mwaka 1963 watafiti wa Uholanzi walipata matokeo kama hayo kwa mkate wa oti. Nyuzinyuzi laini za oti, maharage na matunda hufanya ute mzito ndani ya utumbo. Ute huo hunasa chumvi za nyongo na kuzitoa pamoja na choo. Ini, likihitaji kutengeneza nyongo mpya, huchota lehemu kutoka katika damu, na lehemu mbaya hupungua. Gramu 3 kwa siku za nyuzinyuzi laini za oti, kiasi kinachopatikana katika takriban gramu 75 za oti kavu, huishusha kwa asilimia 5 au zaidi kidogo. Ute huo pia huchelewesha sukari kuingia katika damu. Kisha nyuzinyuzi hizo hufika kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huzichachusha na kutoa asidi fupi za mafuta, na baadhi ya asidi hizo huingia katika damu. Pumba za ngano zenyewe hazishushi lehemu. Kwa nini basi nyuzinyuzi za nafaka ndizo zilizong'aa katika takwimu za wauguzi ni swali linalojibiwa kwa sehemu na vitu vinavyoambatana nazo katika ganda na kiini, kama magnesi na vitamini E, na kwa sehemu na kile ambacho mlaji wa nafaka nzima huwa hakili.

Kwa mwanamke, utendaji huu una wakati wake. Estrojeni husaidia kuweka lehemu mbaya chini, na inapopungua wakati wa ukomo wa hedhi, lehemu hiyo hupanda ndani ya miaka michache, mara nyingi pamoja na unene wa tumbo. Huo ndio umri ambao wanawake wa Iowa walichunguzwa. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi kuna tahadhari nyingine, ambayo vitabu vya Ulaya huipita haraka: ganda la nafaka na maharage vina asidi ya fitiki, inayopunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma, na upungufu wa damu ni tatizo la kweli kwa wanawake wa Afrika Mashariki. Mapishi ya kale yalikuwa na dawa yake. Kuloweka maharage, kuotesha ulezi kuwa kimea na kuchachusha unga kabla ya kupika uji au togwa huvunja sehemu ya asidi hiyo, na tunda lenye vitamini C likiliwa pamoja na mlo husaidia chuma kufyonzwa.

Mapendekezo rasmi yalifuata ushahidi huo. Mwaka 2002 taasisi ya tiba ya Marekani iliweka gramu 25 kwa siku kwa mwanamke na 38 kwa mwanamume, kwa kutumia zaidi tafiti za moyo, ule wa wauguzi ukiwemo. Mwaka 2019 Andrew Reynolds na wenzake walikusanya tafiti 185 za kufuatilia watu na majaribio 58, wakakuta hatari pungufu kwa asilimia 15 hadi 30 kwa vifo na ugonjwa wa moyo kati ya walaji wa juu na wa chini, faida ikionekana zaidi katika gramu 25 hadi 29. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza angalau gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima, zitoke katika chakula chenyewe. Kikombe kimoja cha maharage yaliyochemshwa kina zaidi ya gramu 10.

Afrika Mashariki yenyewe imechunguzwa kwa uchache kuliko inavyostahili eneo lililoanzisha swali. Utafiti mmoja uliwafuata watu 209 kutoka vijiji vya Morogoro waliohamia Dar es Salaam, wanawake wakiwa zaidi kidogo ya nusu, na ndani ya mwaka mmoja uzito wao ulikuwa umeongezeka kwa wastani wa zaidi ya kilo 2. Utafiti wa nchi 21, Tanzania ikiwemo, uliochapishwa mwaka 2021 ukiwa na watu 137,130, uliwakuta walaji wakubwa wa nafaka zilizokobolewa, wa gramu 350 kwa siku au zaidi, wakiwa na hatari kubwa zaidi ya kifo na ya maradhi ya moyo na kiharusi kuliko waliokula chini ya gramu 50, ingawa mchele mweupe ukitazamwa peke yake haukuonyesha uhusiano wa wazi. Kwa ugali hesabu ni ngumu zaidi, maana sembe na dona huandikwa katika hojaji nyingi kwa neno moja, unga wa mahindi, na mtafiti asiyeuliza kama mahindi yalikobolewa hawezi kujua mwanamke aliyemhoji alikula nini.